Mlevi wa Sindano

Nianze na ujinga wangu, kwa sababu watu wa Wusi, kijiji chetu cha milimani, wakinisoma na wasiukute hapa mwanzoni watasema nimeuficha. Niliwahi kuichoma soksi yangu nikiwa nimeivaa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa shangazi yangu, miguu nimeielekeza motoni, ukungu wa mwezi wa saba umesimama mlangoni kama ng'ombe anayetaka kuingia, na mimi nikasikia harufu. Sikuruka. Nilivuta pumzi vizuri, nikameza mate, nikamwuliza shangazi ni jirani gani huyo aliyechinja siku ya Jumanne. Shangazi Mkawasi alikuwa akimenya viazi. Aliinua uso, akautazama mguu wangu, akanimwagia maji ya viazi yote, na viazi vikafuata. Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakina ukucha mpaka leo. Wajukuu wakiniuliza, huwaambia uling'oka nikipigania uhuru, na mama yao huwaambia waende wakacheze.

Sikuwa na mpango wa kuyaandika haya. Mwezi uliopita tulimzika Eliudi, aliyekuwa dresa wetu zamani, yule mtu wa kufunga vidonda na kudunga sindano katika zahanati ndogo ya kule milimani kabla hatujajua daktari anafananaje. Alikuwa amepita miaka tisini. Mchungaji akaomba kila aliyewahi kudungwa na marehemu asimame. Nusu ya watu tulisimama, na wapo waliojishika makalio kwanza, kwa mazoea. Mtu mmoja nyuma yangu alisema polepole kwamba kumbe mzee aliacha jeshi. Nilicheka mazishini, jambo ambalo mke wangu hajanisamehe, halafu nikarudi nyumbani, nikakaa katika kiti changu, hiki ambacho yeye husema nitatolewa ndani yake kwa msumeno, na mwaka wa hamsini na nane ukaja kukaa pamoja nami. Ulikuwa mwaka mbaya, nikiuhesabu kwa vidonge. Nikiuhesabu kwa vyakula, kwa moto na kwa maneno niliyoyasikia kupitia ukuta wa jikoni, sijui kama nilipata mwaka mwingine mzuri hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, karani wa mizigo katika stesheni ya Voi, nimesoma sekondari kiasi cha kuandika jina la kila kifurushi kwa mwandiko uliomfanya mwenye kifurushi asilitambue. Kikohozi kilinianza kipindi cha vumbi, nami nikalilaumu vumbi mpaka siku nilipoona damu kwenye leso. Nilipelekwa hospitali ya pwani, nikalala miezi minne, kisha nikaambiwa kwamba dawa iliyobaki naweza kuimalizia nyumbani, na kwamba hewa ya milimani itanifaa. Dawa iliyobaki ilikuwa ya mwaka mzima na zaidi: sindano kila siku, vidonge asubuhi na jioni. Daktari alinitazama juu ya miwani, akaniambia kwamba nikiacha katikati kwa sababu nimeona nafuu, ugonjwa utarudi, na ukirudi utakuwa umeizoea dawa, na hapo hana kitu kingine cha kunipa. Hilo nililitia kichwani. Sikujua kwamba kichwa changu ndicho kitakachovuja kwanza.

Shangazi alinipokea kama mtu aliyetumwa kuja kula. Chumba chake cha jikoni nakijua leo kuliko ninavyoijua hii nyumba yangu: mafiga matatu, dari ya fito iliyojaa kuni na mahindi ya mbegu, yote yameng'aa kwa masizi, na kidirisha kimoja cha ukubwa wa sahani. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama. Mchana kimanga, yaani muhogo na maharagwe vikipondwa pamoja mpaka mwiko usimame peke yake, na mboga ya mnavu pembeni. Jioni ilikuwa kimanga kilekile, kikiwa kimefikiri zaidi. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Safari yangu ninayoipenda ni ile ya kutoka kitandani kwenda motoni. Kusema kweli, ugonjwa ulinikuta tayari nina tabia zote za mgonjwa. Nilipewa kikombe changu cha bati kilichofungwa uzi mwekundu kwenye mkono, sahani yangu, kijiko changu, na kikopo chenye kifuniko cha kutemea, kwa sababu Eliudi alikuwa amenikataza kabisa kutema mate chini, ndani ya nyumba au nje, hata kama nimemeza nzi. Shangazi aliviosha vyombo vyangu peke yake, kwa majivu, akavichemsha, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa kasi ya maji yanavyochemka. Na kwa majirani wote alisema nina nimonia. Kifua kikuu lilikuwa neno ambalo likiingia katika nyumba, watu hawaingii tena.

Baridi ilipofika ndipo dawa ilipoanza mambo yake. Kwanza miguu. Iliwaka. Ningeweza kuikanyagisha umande wa alfajiri na kuhisi nimekanyaga makaa, na papo hapo nikaiweka karibu na makaa yenyewe nisihisi kitu, kama nilivyokwisha kuwaeleza. Kikombe cha maji baridi kilinichoma vidole. Kikombe cha chai ya moto kilikuwa kama mkono wa rafiki. Shangazi alichukua jukumu la kunijulisha hali ya hewa. Alikuwa akigusa kikombe kabla yangu na kutangaza, "Hiki ni cha moto, usijidanganye." Kisha yakaja masikio, ambayo yaliimba mchana kutwa kama nyenje wa Voi wakati wa jua kali, mpaka nikawa najisikia mtu wa nyumbani kwa upande mmoja wa kichwa. Na la tatu ndilo lililoniletea taabu. Sindano zilininyang'anya kile kitu ndani ya mtu kinachomwambia juu ni wapi na chini ni wapi. Kwenye jua niliweza kutembea, maana macho yalinishika mkono. Ukungu ukishuka, mlima ukapotea na mti ukapotea, nami nilipotea nikiwa nimesimama. Nilipita njia nzima kwa upana wake, kutoka ukingo hadi ukingo.

Hilo la tatu nilimlalamikia Eliudi peke yake. Alikuwa akichemsha sindano zake juu ya stovu ya mafuta, hana haraka, mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililoraruka kwapani. Alisikiliza yote, akasema kwamba dawa kali ni kama askari aliyepewa nyumba kulala: akimaliza kumpiga mwizi, anaanza kuvunja vyombo vya mwenyeji. Akasema ataandika barua kwa daktari kuuliza. Barua wakati ule ilikwenda kwa miguu yake yenyewe, na miguu hiyo ilikuwa mizima kuliko yangu. Tukangoja.

Basi Jumapili moja, ukungu umeingia mpaka ndani ya kanisa, mwinjilisti akasema tusimame, tufumbe macho, tuombe. Nilifumba. Nakumbuka maneno ya kwanza ya sala, halafu nakumbuka mgongo wa mama mmoja wa kwaya, kwa karibu sana. Nilikuwa nimeanguka mbele kama mti, nikamwangusha yeye, naye akamwangusha mwenzake, na sala ikaendelea juu yetu kwa muda, kwa sababu mwinjilisti naye alikuwa amefumba macho. Waliponiinua nilijaribu kusimama wima kwa heshima, na kadiri nilivyojitahidi ndivyo nilivyoyumba. Wadawida, watu wetu wa milimani, wakiwa kanisani hawasemi kitu mbele yako. Wanangoja wafike jikoni kwa shangazi yako.

Walifika siku hiyohiyo, wawili wa kwaya, na mimi nilikuwa kitandani upande wa pili wa ukuta. Walianza na mahindi, wakapitia kwa mbuzi wa fulani, kisha wakateremka polepole mpaka kwangu. Walisema wao hawahukumu. Walisema kijana aliyesoma akikaa bure hutafuta pa kujishika, na kwamba njia yangu ya kwenda zahanati hupita kila asubuhi kwenye ua wa Zighe, na kila asubuhi huonekana nikitokea upande wa pili nikipepesuka. Zighe alikuwa jirani wetu wa chini, mjane mrefu, mkulima wa miwa, mnusa ugoro, na mpikaji wa pombe ya miwa iliyosifiwa mpaka Wundanyi na watu waliosema hawajaionja. Kanisani hakuwahi kuingia. Ushahidi ulikuwa umekamilika. Nilimsikia shangazi akifungua mlango kabla ya wageni kumaliza chai, akiteremka kwa hatua za mtu aliyekasirika kwa niaba ya Mungu, na sauti yake ikipanda kutoka uani kwa Zighe: kwamba anamwua mgonjwa, kwamba ataona. Zighe alijibu mara moja tu, bila kupaza sauti, kwamba huyo kijana hajawahi kuonja kwake hata povu.

Hapo ndipo pa kutoka kitandani na kusema kweli. Sikutoka. Nilivuta blanketi. Nilipiga hesabu ya mwoga, nayo huwa ya haraka: nikisema sikunywa, wataniuliza ni nini basi kinachoniyumbisha, nikisema ni dawa, wataniuliza dawa ya nini. Mlevi husalimiwa kwa mkono. Mwenye kifua kikuu husalimiwa kutoka ng'ambo ya mto. Kwa hiyo nikamwachia mwanamke asiye na kosa abebe mzigo wangu, na nikala kimanga jioni hiyo kwa hamu nzuri tu, ambalo ndilo jambo linalonisumbua zaidi kuliko ukucha.

Kisha nikaongeza ujinga wa pili juu ya wa kwanza. Kifua kilikuwa kimetulia, nimenenepa, na taabu yote niliyokuwa nayo ilitoka kwenye dawa. Nikaamua kuiacha. Nilimwambia Eliudi kwamba nateremka Voi wiki kadhaa kuangalia kazi yangu. Kila asubuhi nilimuaga shangazi kana kwamba nakwenda zahanati, nikaenda kukaa kwenye jiwe lililo juu ya mfereji, nimejifunika gunia, nikisikiliza nyenje wangu. Vidonge nilivisukuma kimoja kimoja kwenye ufa wa mwimo wa mlango. Nilitegemea miguu ingenishukuru. Haikunishukuru, iliendelea kuwaka na kuyumba kama kawaida, kwa sababu askari akishavunja vyombo, kuondoka kwake hakuviungi. Wiki ya pili kikohozi kilirudi, kwanza kwa adabu. Ya tatu, jasho likaanza kunitoka kila alasiri, shati likaganda mgongoni katika baridi ile. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimelala miezi minne kati ya watu waliojua maana yake, na si wote walioamka. Na bado sikusema, maana kila siku ya kunyamaza ilikuwa imeifanya siku inayofuata kuwa nzito zaidi kuinua.

Shangazi alikuwa na masikio mazuri. Alinisikiliza nikikohoa siku tatu, akachemsha vijiko vyangu mara mbili badala ya moja, akaomba kwa sauti. Halafu mchana mmoja akaketi mbele yangu akiwa amevua kilemba chake cha kanisani na kufunga leso ya shambani, na nikajua anataka kusema jambo ambalo kilemba kile hakipaswi kulisikia. Alisema, "Mwadime, kuna moyo wa mtu umekushikilia."

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Wazee wa Udawida waliamini kwamba hasira ya mtu wa karibu, ndugu au jirani, hata kama hakuitamka, hukaa moyoni na kumfunga yule aliyemkosea, akaugua na asipone. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira huchukua funda la maji ya miwa au pombe, hulipuliza nje kwa mdomo, na kusema mbele ya watu kwamba moyo wake umekuwa mweupe. Mwinjilisti alikuwa amelikemea jambo hilo mara nyingi, na shangazi alikuwa mmoja wa walioitikia amina kwa nguvu. Lakini alikuwa amezaliwa kabla ya kanisa lile kuezekwa mabati. Alijua ni moyo wa nani. Alijua pia ni nani aliyeutia uchungu, na kwamba itambidi ateremke njia ileile aliyoishukia akipiga kelele, safari hii akinyamaza.

Tulikwenda saa sita mchana, ukungu ukiwa mwepesi kidogo, mimi nimemshika bega. Zighe alikuwa akikata miwa. Alituona, akaendelea kukata mpaka akamaliza fungu lote, akalifunga, akanusa ugoro wake, ndipo akatukaribisha. Shangazi alisema ombi lake akiangalia chini. Zighe alimsikiliza.

"Mkawasi, nitakitoaje kitu kabla hakijatajwa? Tajeni kosa."

"Nilikutukana uani kwako."

"Hilo ni lako, na nimelisikia. Nauliza la huyu."

Kulikuwa na kuku wawili pale wakichakura maganda ya miwa, nami niliwatazama kwa muda mrefu kuliko kuku wanavyostahili. Kisha nikasema yote kwa pumzi moja, kwa sababu nilihofia nikikata kati kikohozi kitanipa kisingizio. Nilisema sijawahi kunywa kwake. Nilisema nililisikia tukano lile nikiwa kitandani, nikanyamaza. Nikasema sina nimonia, nina kifua kikuu, dawa ndiyo inayoniyumbisha, na dawa hiyo nimeiacha.

Nilidhani shangazi atashtuka kwa lile neno alilolifunika miezi yote. Hakulijali. Aliuliza, "Umeiacha lini?" Nikamwambia wiki ya tatu inakwisha. Alikaa chini palepale juu ya maganda ya miwa, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikaa bila kupangusa kiti kwanza. Hakulia. Alisema polepole, kama anayejihesabia mwenyewe, "Kwa hiyo nimekuwa nikichemsha vijiko vya mtu anayetaka kufa."

Nimesemwa mengi maishani, na mengine kwa haki, lakini hakuna lililowahi kuniingia kama hilo. Nilitaka kumwambia kwamba sitaki kufa, kwamba napenda sana kimanga chake na moto wake, kwamba nilitaka tu kutembea kama watu. Sikupata njia ya kuyapanga. Zighe ndiye aliyetuokoa. Alimwambia shangazi ainuke, kwamba habari ya kifua kikuu ilikuwa inajulikana mteremko mzima tangu mwezi wa tatu, maana hakuna nimonia ya miezi, na kikopo chenye kifuniko hakibebwi na mtu mwenye mafua. "Ni nyinyi wa kanisani tu ambao hamkujua," alisema, "kwa sababu nyinyi hufumba macho." Na shangazi, akiwa bado chini, akacheka. Alicheka kwa kujizuia, mdomo ameufunika kwa leso, lakini nilimwona.

Kisha Zighe akaleta kibuyu cha maji ya miwa, mabichi, siyo pombe, akisema leo hataki tena maneno ya pombe. Akachukua funda, akageukia mlima, akalipuliza likatoka kama ukungu mdogo ndani ya ukungu mkubwa, akasema kama kulikuwa na uchungu moyoni mwake basi umetoka, kijana apoe, miguu yake ipate njia. Akampa shangazi. Shangazi akatazama huku na huku kama kwaya haijajificha migombani, akapuliza naye, kwa ustadi ambao haukuwa wa mtu aliyesahau. Mwisho Zighe akanimiminia yangu katika jani la mgomba alilolikunja, ili mdomo wangu usiguse kibuyu, akanipa. Nikajaza mdomo. Hapo nikakumbuka Eliudi. Nilisimama pale mashavu yamevimba kama mpiga tarumbeta, nikielekeza kidole kwenye kifua changu, kisha chini, kisha nikitikisa kichwa, mpaka shangazi akaelewa na kueleza kwamba dresa amenikataza kutema chini. Kikopo kilikuwa kimebaki nyumbani. Wanawake wale wawili walilijadili jambo hilo kwa uzito wote: nikitema, naacha ugonjwa uani kwa mtu, nisipotema, hasira yangu mwenyewe inabaki ndani. Zighe akaniuliza hiyo hasira yangu ni ya nani. Nikaionyesha miguu yangu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Eliudi kabla hajawasha stovu. Sitarudia aliyoniambia, mtu amezikwa juzi. Barua ya daktari ilikuwa imefika, ikapunguza sindano ziwe tatu kwa wiki na kuleta vidonge vingine vidogo vya kuilisha miguu. Kikohozi kiliondoka taratibu. Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, nilitia mguu mferejini nikapiga kelele kwamba maji ni baridi, na shangazi akatoka mbio na mwiko mkononi, akidhani ni nyoka. Nilimaliza dawa yote, mpaka kidonge cha mwisho. Wima wangu ndio haukurudi kamili. Mpaka leo naomba nikiwa nimefumbua macho, na vijana wa kanisani hudhani ni kwa ajili ya utakatifu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule nilikuwa bado nimesimama uani na mdomo umejaa, na wanawake wawili wakinitazama. Nikameza. Yalikuwa matamu, na yalishuka kwa shida. Zighe akalichukua lile jani mkononi mwangu, akalitupa katika moto wake wa uani, akarudi kwenye miwa yake, na akiwa ametugeuzia mgongo akasema: "Mimi yangu nimeitema, Mwadime. Wewe kazi yako ni kumeza. Na ukifa baada ya kunimalizia maji yangu ya miwa, nitakasirika upya, na safari hiyo mtu asije kuniomba."